Kadi Zinarudi Nyumbani

Mkono ule bado uko begani, ndugu msomaji. Wiki nzima umekaa pale, na Fundi hajathubutu kugeuka.

Kwa aliyekosa gazeti lililopita, mambo yako hivi. Fundi ni mwanamke wa kutengeneza simu, mwenye meza ndogo kwenye korido ya jengo la maduka. Leo hakuwa mezani. Alikaa safu ya nyuma ya ukumbi uliojaa watu, simu mapajani, kidole gumba juu ya neno moja: Rudisha. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na robo mchana. Ndipo mkono ukamshika bega.

Akageuka.

"Shikamoo, mama," kinywa chake kikasema chenyewe, kwa mazoea ya miaka.

"Marahaba," akajibu mama mkwe wake wa zamani. "Lete simu hiyo."

Na kabla Fundi hajafumba mkono, simu ikawa imekwenda.

Mama yule alizunguka kiti, akaketi pembeni yake, simu ya watu mkono wa kulia, mkoba wake mweusi ameukumbatia kwa mkono wa kushoto kana kwamba umebeba mayai. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akimwambia Fundi kila Jumapili kwamba ndoa ni kuvumilia. Fundi alimwogopa wakati ule, na mchana huu alimwogopa zaidi.

"Mama, naomba simu yangu."

"Unataka kumfanya nini mwanangu?"

"Nirudishie kwanza."

"Nimekuuliza swali."

Dakika zilikuwa zinakwenda, na Fundi alikuwa nazo tano tu.

Tano kwa nini? Nitaeleza upesi, maana hata mimi moyo unanidunda.

Miaka sita iliyopita Fundi alifungua akaunti katika mchezo wa kadi wa kwenye simu uitwao Ngome Saba. Akaipa jina la kifaa alichokuwa ameshika mkononi siku hiyo: Bisibisi. Akaijenga kati ya mteja na mteja, kioo hiki kikikauka gundi, pambano moja. Ikawa akaunti ya kuheshimiwa. Kisha, siku aliyokuwa wodini akimuuguza mama yake mzazi, mumewe alibadilisha namba ya siri, akamtumia ujumbe wa maneno mawili: Tumeachana. Usinitafute.

Leo mume huyo anajiita Mwalimu Bisibisi, na bisibisi yenyewe hajui inashikwa upande gani.

Wenye mchezo walikubali kusikiliza malalamiko ya Fundi Jumatatu ijayo. Leo ni Jumamosi. Na leo, saa tisa kamili, katika ukumbi huu huu, Mwalimu anacheza fainali ya mwaka. Mshindi atasimama mbele ya kamera, akaunti yake ifungwe kwa uso wake. Ikishafungwa hivyo haifunguki kwa malalamiko wala kwa machozi. Mwalimu akishinda, Jumatatu Fundi hana cha kudai. Jina lake mwenyewe litakuwa na sura ya mwizi wake milele.

Ndiyo maana Mwalimu lazima ashindwe. Na Fundi alikuwa amejiandaa.

Mwalimu, unajua, ni mtu wa tamaa ya karibu. Alipoiba akaunti hakuitunza. Aliuza kadi zake nzuri mojamoja, leo viatu, kesho miwani, na mashindano yalipokaribia akawa anakodi za wengine. Kuna watu wa namna hiyo: huuza jembe, kisha wakaliazima wakati wa kulima.

Naye Fundi? Hakulia. Samahani, alilia wiki nzima, tusimpambe. Lakini wiki ya pili alifungua ukurasa wa nyuma wa daftari la wateja, akaandika njia zote ambazo mtu anaweza kujipatia riziki kwenye mchezo ule, akazijaribu moja baada ya nyingine.

Kwanza, kucheza na kushinda zawadi. Alicheza miezi miwili, akapata kiasi cha kununua kioo kimoja cha simu, tena ya bei rahisi. Pili, kununua kadi zikidharauliwa na kuziuza zikililiwa. Hiyo ililipa, ila ilitaka mtu mwenye macho ya kuangalia bei kutwa, na macho ya Fundi yalikuwa kwenye waya za watu. Tatu, kukodisha. Hiyo ilileta kidogo kidogo, haba na haba. Lakini kukodisha kuna kitu ambacho zile mbili hazina, na Fundi alipokiona alikipigia mstari mara mbili: mwenye kadi anajua kilichomo mkononi mwa mpangaji wake.

Hapo ndipo alipoanza kununua kila kadi iliyouzwa na Mwalimu. Alijipa jina la Mama Utulivu, akazikodisha kwa bei ya chini kuliko wote. Na nani alikuja mbio kuzikodi? Wewe unajua, mimi najua, Mwalimu peke yake ndiye hakujua. Katika kadi thelathini alizokuwa nazo mchana huu, ishirini na mbili zilikuwa za mwanamke yuleyule aliyeibiwa naye.

Sasa hesabu ya dakika. Mwenye kadi akibonyeza Rudisha, kadi hairuki papo hapo. Katika Ngome Saba hakuna kitu kinachoondoka bila kupewa saa nzima ya kufunga virago. Akibonyeza mapema mno, mwamuzi atakapokagua kadi kabla ya saa tisa ataona pengo, na Mwalimu atakodi nyingine. Akichelewa sana, pambano litakuwa limekwisha. Fundi alipiga mahesabu akapata saa nane na dakika ishirini. Zitaondoka saa tisa na ishirini, katikati ya fainali, mchezaji akiwa hana pa kukimbilia.

Na simu ilikuwa kwa mama mkwe.

Jukwaani, Mwalimu alikuwa anamalizia darasa lake la kabla ya fainali. Shati jeupe, kipaza sauti kimeshikwa shavuni. Watu walikuwa wamelipa kiingilio kumsikiliza.

"Njia ziko tatu, ndugu zangu!" alinguruma. "Kucheza ni kazi ya punda. Unabeba mzigo, anakula mwingine. Kununua na kuuza ni kazi ya mtu mwenye moyo wa barafu, kama mimi. Na kukodisha..." Akacheka. "Kukodisha ni kazi ya vikongwe. Unakaa, unangoja visenti."

Ukumbi ukacheka. Njia ya nne hakuitaja, ile ya kuwatoza watu kiingilio uwafundishe hizo tatu. Ndiyo iliyomnunulia shati.

"Tena mkikodisha, msimkodishie mkeo!" aliendelea. "Kuna kanuni ya nyumba moja. Mume na mke ni nyumba moja, hawanyang'anyani kadi wakati wa mashindano. Mke akiita kadi zake, mwamuzi anazirudisha kwa mume, pambano linaanza upya. Kanuni nzuri sana hiyo. Laiti ingekuwepo na jikoni!"

Wanaume wakapiga makofi. Fundi hakujali. Yeye na Mwalimu hawakuwa nyumba moja tena.

"Mama," alinong'ona, "dakika mbili zimebaki. Nakuomba."

"Ni mwanangu yule," mama mkwe akasema, macho mbele. "Nimemzaa mimi. Siwezi kukaa hapa nikatazama..."

"Lakini nawaambieni," sauti ya Mwalimu ikashuka, ikawa laini, mkono ukaenda kifuani, "haya yote nayafanya kwa ajili ya mtu mmoja. Marehemu mama yangu."

Mama mkwe akaishusha simu.

"Nilikuwa sina kitu. Nikampigia magoti. Nikamwambia, mama, niamini. Akaniamini." Mwalimu alipangusa jicho lililokuwa kavu. "Alikufa akiniamini. Kila kadi ninayoicheza, naicheza juu ya kaburi lake."

Mwanamke mmoja safu ya mbele alianza kulia. Mwingine alisema, "Mungu amrehemu." Na marehemu mwenyewe alikaa palepale, mkoba mapajani, akisikiliza msiba wake.

"Miezi mingapi amekuwa akisema hivi?" akauliza taratibu.

"Tangu aanze darasa, mama. Mwaka na nusu."

"Ndiyo maana hapokei simu zangu."

Fundi alitazama saa ya ukutani. 

Mama mkwe aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwake. "Hiki kitufe kinafanya nini?"

"Ni maelezo marefu, mama."

"Sitaki maelezo. Kitamuuma?"

"Kitamuuma sana."

Akamrudishia simu. "Bonyeza."

Saa nane na dakika ishirini juu ya alama, kidole gumba kikashuka. Kadi ishirini na mbili zikaanza kufunga virago.

Unauliza, je, Mwalimu hakupata taarifa kwenye simu yake? Swali zuri. Ilitumwa taarifa kwa kila kadi, ishirini na mbili. Lakini miezi saba nyuma, Mwalimu akifundisha na simu yake imeunganishwa kwenye skrini kubwa, uliingia ujumbe kutoka kwa mtu aliyemhifadhi kwa jina la Fundi Bomba, si Fundi wetu huyu. Ukumbi mzima ukausoma: "Asali wangu, umekula?" Tangu siku hiyo Mwalimu alizima taarifa zote, akaapa hadharani hataziwasha tena. Mji mzima ulicheka. Fundi peke yake ndiye aliyeandika pembeni ya daftari.

Saa tisa kasoro kumi mwamuzi, mzee mwenye sauti ya mtu asiyehongeka, alikagua kadi za wote wawili. Thelathini, thelathini. Sawa.

Mpinzani wa Mwalimu alikuwa muuzaji wa duka la dawa, dada mpole aliyekuja na koti lake jeupe la kazini kwa sababu hakupewa ruhusa ya siku nzima. Mwalimu alimpa mkono huku akiangalia kamera.

"Pole mapema, dada."

"Asante mapema," akajibu dada wa dawa.

Pambano likaanza. Dakika kumi na tano za kwanza zilikuwa za Mwalimu, nami sitamnyima haki yake. Aliangusha ngome mbili, kisha ya tatu. Dada wa dawa alikuwa anauma midomo. Watu walishaanza kuimba, "Bisibisi! Bisibisi!" na kila walipoimba, Fundi alikaza taya. Lile lilikuwa jina lake. Waliimba jina lake kwa mtu mwingine mbele ya macho yake.

"Vumilia," akasema mama mkwe. Safari hii neno lile halikumuudhi.

Saa tisa na kumi na tisa. Mwalimu alinyanyua mkono juu, kwa mbwembwe, ashushe kadi yake kubwa, Chui wa Fedha.

Saa tisa na ishirini. Chui wa Fedha akageuka kijivu. Katikati ya skrini kubwa, mbele ya watu mia tatu, pakaandikwa: Kadi hii imerudi kwa mwenyewe.

"Nini tena?" Mwalimu alicheka. Akagusa nyingine. Kadi hii imerudi kwa mwenyewe. Akagusa ya tatu. Hakucheka tena.

Zikaondoka zote, moja moja, safu hadi safu, na Fundi alihesabu kila moja chinichini kama mtu anayeng'oa miiba mguuni. Kwenye ishirini na mbili akashusha pumzi aliyoibana miaka miwili. Raha ile sitaificha. Ilikuwa raha.

Dada wa dawa hakuuliza ni kwa nini. Aliangusha ngome moja, akaangusha ya pili.

"Simamisha!" Mwalimu alipiga kelele. "Nimehujumiwa! Mama Utulivu ni nani? Ajitokeze huyo Mama Utulivu!"

"Mwenye kadi ana haki ya kuita kadi zake," akasema mwamuzi. "Haja ya kujitokeza hana. Endelea kucheza."

Hapo, msomaji wangu, Fundi angenyamaza, angekuwa ameshinda. Dakika kumi tu za kukaa kimya. Lakini kisasi kisichojulikana hakishibishi. Mtu ataka aonekane. Fundi alihisi miguu yake ikinyooka.

"Kaa chini," mama mkwe akamvuta sketi. "Kaa chini, mtoto wewe!"

Hakukaa.

"Ni mimi!" sauti yake ikapita juu ya vichwa vyote. "Mama Utulivu ni mimi. Na Bisibisi pia ni mimi. Uliuza kadi zangu, nikazinunua. Ukazikodi, nikakukodishia. Leo nimekuja kuzichukua."

Ukumbi ukageuka. Mwalimu akamtazama. Rangi ilimtoka, macho yakamtoka, kisha, taratibu, likaja jambo ambalo Fundi hakulitarajia. Akatabasamu.

"Mwamuzi," akasema, akisogeza kipaza sauti kwa upole. "Yule ni mke wangu."

"Ulikuwa mume wangu!"

"Talaka yako iko wapi?"

Fundi akaitazama simu yake. 

"Onyesha karatasi," Mwalimu akasema. "Nilikutumia ujumbe kwa hasira, ndiyo. Mume na mke hukasirikiana. Lakini karatasi umepewa? Na nani? Lini?" Akamgeukia mwamuzi. "Sisi ni nyumba moja. Naomba kanuni ifuatwe."

Mwamuzi alifungua kitabu cha kanuni, akasoma, akavua miwani. "Dada, una karatasi yoyote?"

"Nina ujumbe wake kwenye simu..."

"Ujumbe hautoshi. Kanuni inataka karatasi." Alionekana kama mtu anayekula kitu kichungu. "Nikikosa karatasi, kadi zitarudi kwake na pambano litaanza upya. Nakupa dakika tano."

Dakika tano. Fundi alisimama mbele ya macho ya ukumbi mzima, mikono mitupu. Kinywa chake mwenyewe ndicho kilichomponza. Watu wakaanza tena, "Bisibisi! Bisibisi!" Dada wa dawa aliinamisha kichwa.

Ndipo kiti cha pembeni yake kikalia.

Mama mkwe alitembea hadi jukwaani bila haraka, viatu vyake vikigonga sakafu. Mwalimu alimwona alipofika ngazi ya kwanza. Kipaza sauti kilikuwa bado kinywani, na ukumbi mzima ukasikia alichonong'ona.

"Mama... umefikaje hapa?"

"Mama, wewe ni nani?" mwamuzi akauliza.

"Mimi? Mimi ndiye marehemu."

 Mwanamke wa safu ya mbele, yule aliyelia, alishika kichwa.

Mama mkwe akafungua mkoba mweusi, akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne.

"Huyu alinipa hii miaka miwili iliyopita, nimpelekee mkewe," akamwambia mwamuzi. "Talaka, kaiandika kwa mkono wake, na mashahidi wake wamo. Sikuipeleka, ikakaa humu mkobani. Nilitaka binti wa watu abaki amefungwa, asipate mwingine, ateseke. Ndiyo roho niliyokuwa nayo." Akamgeukia Fundi. "Nisamehe, mwanangu. Nitaomba vizuri zaidi siku nyingine."

"Uliniambia uliichoma!" Mwalimu akafoka.

Akaziba mdomo kwa mkono. Kipaza sauti kilikuwa kimeshamsema.

Akapiga magoti, palepale jukwaani, na shati lake jeupe. "Mama. Mama yangu. Usimpe. Mimi ni mwanao. Mama, niamini mara moja tu!"

Bahasha ilikuwa hewani, kati ya mkono wa mama na mkono wa mwamuzi. Mkono wa mama ulisita, maana mtoto ni mtoto hata akiwa mbaya. Fundi aliuona ukirudi nyuma kidogo, akafumba macho.

"Mama yako," yule mama akasema, "alikufa akikuamini. Ulisema mwenyewe."

Akaikabidhi.

Mwamuzi akasoma mpaka mwisho, akatazama tarehe, akatazama sahihi. "Hawa si nyumba moja," akatangaza. "Kadi ni za dada. Pambano linaendelea palipoishia."

Ukumbi ukalipuka. Lakini Mwalimu hakurudi kwenye kiti chake. Alisimama, magoti yamejaa vumbi, simu yake juu kichwani watu wote waione, na sauti iliyotoka haikuwa ya mwalimu wala ya mwana.

"Sawa! Nimeshindwa. Lakini yeye pia hapati kitu." Kwenye skrini kubwa, nyuma yake, lilitokea neno moja jekundu: Futa. Chini yake, jina la akaunti: Bisibisi. "Miaka sita yako iko hapa chini ya kidole changu. Mwambie mwamuzi aseme mbele ya watu kwamba mimi ndiye bingwa. La sivyo naifuta, na Jumatatu utaenda kudai hewa."

Mwamuzi akapiga hatua. "Usithubutu..."

"Hatua nyingine nabonyeza!"

 Dada wa dawa alisimama. 

Fundi peke yake ndiye aliyetazama saa ya ukutani. Akakumbuka kanuni moja ya Ngome Saba, ile ya saa nzima ya kufunga virago aliyoitegemea mchana kutwa, ambayo Mwalimu hakuwahi kuisoma kwa sababu hakuwahi kukodisha chochote katika maisha yake. Na saa nzima yawatosha wenye mchezo kuizuia. Akavuta kiti, akaketi, akaweka mkono juu ya mkono.

"Bonyeza," akasema.